Gia za Baiskeli ya Mbio ya Zamani katika Nyanda za Lubumbashi

Baiskeli ya mbio iliyoundwa Ulaya kati ya miaka ya 1950 na 1980 ilipangwa kwa ajili ya mpandaji wa aina moja tu, yaani kijana mwenye mapafu ya mashindano, anayepita kwenye lami laini huku gari la timu likimfuata nyuma na magurudumu ya akiba. Inapofika Lubumbashi, ama ndani ya kontena la mitumba, ama ikitolewa ghalani ambako ilikaa miaka mingi bila kuguswa, bado hubeba mpangilio wa meno uliochaguliwa kwa ajili ya kijana huyo, na mmiliki mpya hugundua mapema kwamba fremu ni nyepesi, rangi inapendeza, lakini magoti yanauma. Hoja inayoongoza sura hii ni kwamba gia za baiskeli ya namna hiyo zinafaa kuchaguliwa kuanzia chini, yaani kuanzia kwenye mpando mgumu kuliko yote ambao mpandaji atakutana nao akiwa amechoka, na kwamba gia ya juu kabisa, ile ambayo wapenzi wa mbio huitaja kwa fahari, inaweza kuachwa mwisho bila hasara kubwa.

Kabla ya kwenda mbali inafaa maneno machache yaelezwe. Gurudumu la meno lililofungwa kwenye mkono wa pedali litaitwa hapa plato, na yale madogo yaliyo kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma yataitwa pinyo, kwa kuwa katika mji ambao ufundi ulijifunzwa kwa Kifaransa majina hayo ndiyo yaliyo karibu na mkono wa fundi. Uwiano wa gia hupatikana kwa kugawanya meno ya plato kwa meno ya pinyo: plato ya meno 42 ikivuta pinyo ya meno 21, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili kila pedali inapozunguka mara moja. Uwiano huo ukizidishwa kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa baiskeli nyingi za mbio zenye rimu za 700 ni takriban mita 2.1, hupatikana kipimo ambacho hapa kitaitwa hatua, yaani umbali ambao baiskeli husogea kwa mzunguko mmoja kamili wa pedali. Kwa mfano huo wa 42 na 21, hatua ni mita 4.2. Kipimo hiki kina faida moja kubwa, nayo ni kwamba baiskeli zenye magurudumu tofauti zinaweza kulinganishwa bila ubishi, maana baiskeli nzito ya kawaida yenye magurudumu ya inchi 28 ina mzingo wa karibu mita 2.23, na idadi ya meno pekee ingedanganya.

Hatua hiyo haina maana mpaka ihusishwe na mwendo wa miguu. Mpandaji aliyezoea huzungusha pedali mara 80 hivi kwa dakika kwenye tambarare, na kwenye mpando anaweza kushuka hadi 60 bila kujidhuru. Chini ya hapo kila mzunguko hudai nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja, na nguvu hiyo hupita kwenye goti. Plato ya 48 na pinyo ya 16 hutoa hatua ya mita 6.3, ambayo kwa mizunguko 80 ni mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Mwendo huo watu wengi hawaudumishi peke yao kwa zaidi ya dakika chache.

Baiskeli nyingi za zamani, hata hivyo, huja na plato za 52 na 42 pamoja na pinyo zinazoanzia 13 au 14 na kuishia 21 au hata 18. Tarehe 25 Oktoba 1972 Mbelgiji Eddy Merckx aliweka rekodi ya saa moja mjini Mexico, akienda kilomita 49.431 kwa gia moja tu, plato ya 52 na pinyo ya 14, akizungusha miguu zaidi ya mara 100 kila dakika bila kupumzika. Alikuwa kwenye uwanja wa duara, katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 ambako hewa ni nyepesi na humkwaza mwendeshaji kidogo kuliko pwani, naye hakubeba hata chupa ya maji. Gia hiyohiyo imo katika baiskeli za mitumba zinazouzwa kwa watu wanaoenda kazini, na juu yake mara nyingi imo nyingine nzito zaidi ya 52 na 13, yenye hatua ya mita 8.4. Ni vigumu kuona mtu wa kawaida ataitumia wapi, isipokuwa kwenye mteremko, ambako angeweza pia kuacha kupiga pedali na kuiachia baiskeli ishuke yenyewe.

Lubumbashi yenyewe, mji ambao Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville kwa sababu ya shaba, umekaa kwenye uwanda wa juu wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, na hilo humsaidia kidogo mtu anayekwenda kasi kwenye tambarare. Hakuna milima ya kutisha. Kuna miinuko mirefu ya taratibu, ile ambayo jicho la mtu aliye ndani ya gari haliioni lakini miguu huihesabu yote, kwenye njia ya Kipushi iliyo karibu kilomita 30 upande wa kusini-magharibi, na zaidi kwenye njia ndefu ya Likasi. Anayesoma ramani pekee angeweza kuamua kwamba gia nyepesi hazihitajiki, na angekosea kwa sababu mbili ambazo ramani haizionyeshi.

Sababu ya kwanza ni upepo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya eneo hili la Katanga siku baada ya siku, na barabara ya Kasumbalesa, yenye urefu wa takriban kilomita 90 hadi mpaka wa Zambia, inaelekea karibu moja kwa moja upande huohuo. Mtu anayeondoka asubuhi kuelekea mpakani hupanda mlima usio na kilele, na akirudi husukumwa hadi nyumbani. Gia anayoihitaji kwa kwenda ni mbili au tatu chini ya ile ya kurudi, kwenye barabara ileile. Sababu ya pili ni ukingo wa barabara. Malori ya shaba na kobalti hupita kwa misururu kwenye njia hiyo, na mwendesha baiskeli mwenye busara huyaachia lami na kushukia kwenye udongo mwekundu wa kando, ambao baada ya mvua hushika tairi na wakati wa kiangazi huwa vumbi lenye kina. Hapo mwendo huanguka ghafla kutoka kilomita 25 hadi 10 kwa saa, na mwenye pinyo kubwa ya meno 21 hubaki amesimama juu ya pedali akitafuta mizani.

Hesabu inaweza kuonyesha ni gia ipi inayotosha. Chukua mpandaji na baiskeli yake wenye uzito wa jumla wa kilo 85, na nguvu ya wati 120, ambayo ni kazi ya kudumu kwa mtu mzima mwenye afya asiye mwanariadha. Kwenye mpando wa lami wa asilimia 3, yaani unaopanda mita 3 kwa kila mita 100, uzito unaomvuta nyuma ni kama kilo mbili na nusu, na pamoja na msuguano wa matairi atakwenda kwa takriban kilomita 14 kwa saa. Akitaka mizunguko 60 ya miguu, anahitaji hatua ya mita 4. Mpando ukifika asilimia 5 kwenye udongo, mwendo hushuka hadi kilomita 8 hivi, na hatua inayolingana ni mita 2.2 tu. Tofauti ya asilimia mbili na kubadilika kwa uso wa barabara vimekaribia kuikata gia katikati. Kwa baiskeli ya mbio, ambayo mpandaji wake anaweza kusimama kwenye pedali kwa dakika moja au mbili, hatua ya chini kabisa kati ya mita 2.7 na 3.2 ni makubaliano mazuri. Mwenye umri mkubwa au mwenye mzigo ashuke zaidi bila aibu.

Wapo watakaouliza kwa nini fundi ajitaabishe hivyo ilhali maelfu ya watu huishi kwa baiskeli isiyo na gia hata moja ya kubadilisha. Wabebaji wa makala, yaani makaa ya miti, ambao huleta magunia kutoka misitu ya miombo hadi masoko ya mitaa ya mji inayoitwa Kenya, Katuba na Ruashi, hutumia baiskeli nzito zenye plato moja na pinyo moja, kwa mfano 46 kwa 19, ambazo hatua yake ni mita 5.4. Mtu huyo akiwa na mzigo wa kilo 100, uzito wote ukikaribia kilo 185, kwenye mpando wa udongo wa asilimia 3 nguvu ya wati 120 ingempeleka kwa kilomita zisizofika 6 kwa saa, na pedali zingezunguka mara 17 tu kwa dakika, jambo lisilowezekana kwa mguu wa binadamu. Kwa hiyo hushuka na kusukuma. Mwendo wa kilomita 5 au 6 kwa saa ndio mwendo wa mtu anayetembea, na kwa maana hiyo mbebaji wa makala anayo gia ya pili, ambayo ni miguu yake mwenyewe ardhini, na huitumia mahali palepale ambapo hesabu inamwambia aitumie. Baiskeli ya mbio haina nguzo wala mizani ya kusukumwa hivyo, na viatu vya mpandaji wake mara nyingi havifai kutembelea.

Hata huko Ulaya gia za kubadilisha hazikukubaliwa kwa urahisi. Paul de Vivie, mhariri wa Saint-Étienne aliyejulikana kama Vélocio, alizitetea tangu mwanzo wa karne ya 20 kwa ajili ya watalii wa milimani, huku Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, akiziona kuwa msaada wa wadhaifu; mashindano hayo yaliziruhusu derayeri, yaani vifaa vinavyohamisha mnyororo kutoka pinyo moja hadi nyingine, mwaka 1937 tu. Dharau hiyo ya Desgrange imebaki kwa namna fulani katika vyuma vyenyewe, maana viwanda viliendelea kwa miongo kadhaa kuuza gia nzito kwa watu ambao hawangeshindana kamwe.

Tatizo lililojificha zaidi ni la gia zinazojirudia. Baiskeli yenye plato mbili na pinyo tano huuzwa kwa jina la gia kumi, lakini zikipangwa plato za 52 na 42 pamoja na pinyo za 14, 17, 20, 24 na 28, hatua ya 52 kwa 17 ni mita 6.4 na ya 42 kwa 14 ni mita 6.3, ya 52 kwa 24 ni mita 4.55 na ya 42 kwa 20 ni mita 4.4. Gia nne za plato kubwa zina pacha wao kwenye plato ndogo, na mpandaji kwa kweli ana gia sita tu alizolipia kama kumi. Chanzo chake ni kwamba pengo kati ya plato mbili ni karibu sawa na pengo kati ya pinyo moja na inayofuata. Plato zikibadilishwa kuwa 48 na 36 kwa pinyo zilezile, hatua zinazopatikana kwa mita ni 7.2, 5.9, 5.4, 5.0, 4.45, 4.2, 3.8, 3.6, 3.15 na 2.7, zote tofauti, na za chini zinatosha kwa karibu kila mpando wa uwanda huu. Wazee wa utalii wa baiskeli walipenda pia mpango mwingine wa 48 na 44, ambao plato yake ya pili hugawa kila pengo la nyuma katikati. Ni mpango mzuri kwa karatasi, lakini humlazimisha mpandaji kusogeza vijiti viwili kwa pamoja kila mara, na gia yake ya chini kabisa haishuki chini ya mita 3.3.

Je, kila baiskeli inaweza kupokea plato ya 36? Hapa ndipo chuma kinapoanza kutoa amri. Plato hufungwa kwenye mkono wa pedali kwa skrubu tano zilizopangwa katika duara, na kipenyo cha duara hilo ndicho kinachoamua udogo wa plato. Mikono ya Campagnolo Record iliyotolewa tangu mwaka 1967 ina duara la milimita 144, na plato ndogo inayoweza kukaa humo ni ya meno 41, ingawa ya 42 ndiyo iliyozoeleka. Stronglight 93 ya Ufaransa, yenye milimita 122, hushuka hadi 38 na wakati mwingine 37; Stronglight 99, yenye milimita 86, hufika 28; na mikono ya TA ya watalii, yenye duara dogo la milimita 50.4, hufika 26. Anayenunua baiskeli ya zamani kwa ajili ya safari na si kwa ajili ya kabati la vioo apime duara hilo kabla ya kupima fremu. Mwenye Campagnolo asiyetaka kuubadilisha mkono wake mzuri, na mara nyingi ana haki, atafute wepesi nyuma: 42 kwa 28 ni hatua ya mita 3.15, na inatosha.

Pinyo za nyuma za enzi hizo zimeungana kuwa seti moja yenye utaratibu wa kuzunguka huru ndani yake, na seti nzima hujifunga kwenye kitovu kwa hesi. Hesi hizo zina viwango vitatu vinavyokaribiana kiasi cha kudanganya: ya Kifaransa ina kipenyo cha milimita 34.7 na umbali wa milimita 1 kati ya uzi na uzi, ya Kiingereza ni milimita 34.8 hivi yenye nyuzi 24 kwa inchi, na ya Kitaliano ni milimita 35. Seti ya Kiingereza huingia kwenye kitovu cha Kifaransa ikilegalega, kisha siku ya mpando mkali hung'oa hesi zote na kuondoka na kitovu. Seti ya Kifaransa nayo hukwama kwenye kitovu cha Kiingereza baada ya mizunguko michache, na fundi asiye na subira huilazimisha kwa ufunguo mrefu. Kitovu kikiharibika namna hiyo hakitengenezeki. Kufungua seti ya zamani nako kunahitaji kifaa kinacholingana na chapa yake, kwa kuwa Regina ina mianya miwili na Maillard ina meno ya ndani, na nyundo na patasi zinazotumiwa mahali pake huacha alama zisizofutika. Kabla ya kununua seti mpya, basi, ni vyema kuhakikisha kwamba kuna namna ya kuiondoa ile ya zamani, na kwamba gurudumu lina nafasi yake: uma wa nyuma wa milimita 120 ni wa pinyo tano, wa 126 ni wa sita au saba.

Derayeri nayo ina tumbo lenye kipimo. Tofauti ya meno kati ya plato kubwa na ndogo ikijumlishwa na tofauti kati ya pinyo kubwa na ndogo hutoa kiasi cha mnyororo ambao derayeri inapaswa kuumeza ili usilegee. Kwa 48 na 36 mbele na 14 hadi 28 nyuma, jumla ni meno 26. Campagnolo Nuovo Record ilikusudiwa kwa pinyo ya meno 26 hivi, ingawa 28 mara nyingi hupita ikiwa gurudumu limerudishwa nyuma kidogo kwenye uma. Derayeri za SunTour za Japani, ambazo tangu mwaka 1964 ziliundwa zikisogea kwa mshazari kufuata mteremko wa pinyo, hubadilisha kwa ulaini zaidi hata zikiwa za bei ndogo, na anayezidharau kwa sababu hazikutoka Italia anajinyima. Jambo la kuangaliwa sokoni ni upana wa mnyororo: ule wa baiskeli nzito za kawaida una nafasi ya ndani ya moja ya nane ya inchi, na wa derayeri ni tatu ya thelathini na mbili. Wa kwanza ndio unaopatikana kila kona ya mji, na ukifungwa kwenye seti ya pinyo tano utakwaruza pinyo jirani katika karibu kila gia.

Kwa matumizi ya mjini pekee, ambako polisi wa barabarani, teksi na mashimo humsimamisha mpandaji kila mara, hata mpango bora wa derayeri una udhaifu wake, kwa kuwa mnyororo hauhami bila pedali kuzunguka, na kijiti cha kuuhamishia kiko chini kwenye bomba la fremu, mbali na breki. Anayesahau kushusha gia kabla ya kusimama huondoka kwa 52 kwa 17 mbele ya lori linalopiga honi. Kitovu cha Sturmey-Archer cha aina ya AW, kilichoanza kutengenezwa miaka ya 1930, hubadilika hata baiskeli ikiwa imesimama. Gia yake ya chini ni robo tatu ya ile ya kati, na ya juu huizidi kwa theluthi moja, hivyo gia ya kati ikiwekwa kwenye mita 4.8 nyingine mbili huwa mita 3.6 na 6.4. Ni kizito, na mashabiki wa mbio hawatakisifu, lakini vumbi la kiangazi halikifikii.

Vumbi hilo ndilo adui wa mwisho wa mpangilio wowote wa derayeri, kwa maana linachanganyika na mafuta na kuwa dawa ya kusaga chuma, na mnyororo uliochakaa huzila pinyo mpya ambazo mmiliki ametafuta kwa miezi. Kipimo chake ni rahisi: viungo 12 kamili, vyenye pini 24 za mnyororo, vikiwa vipya vina urefu wa inchi 12, yaani milimita 304.8. Vikifika milimita 306 na nusu mnyororo ubadilishwe. Vikifika 308 pinyo zimekwisha kufuata, na mnyororo mpya utaruka juu ya meno yake, kwanza kwenye ile pinyo inayotumiwa zaidi, ambayo kwa watu wengi wa Lubumbashi ni ya 17 au ya 20.